Kabla ya Kutupa Mayai Viza, Yapasue

Wasomi wenzangu, naanza na hesabu, maana kila mradi wa mwanafunzi wa chuo huanzia kwenye hesabu. Kuku wetu walikuwa mitetea 24 na majogoo wawili. Mashine ya kutotolesha, ile ya mayai 96, tuliinunua kwa shilingi laki tatu na nusu, watu watatu tukichangiana pale boom lilipoingia. Mayai 90 kwa awamu, vifaranga 90, kila mmoja shilingi 2,000: hiyo ni laki moja na themanini elfu. Awamu moja siku 21, kwa hiyo mwaka una awamu 17. Piga mwenyewe. Milioni tatu na elfu sitini. Tulikuwa tumekaa geto usiku, kikokotoo cha simu kinawaka, na mmoja wetu alishaanza kuulizia bei ya pikipiki.

Awamu ya kwanza walitoka vifaranga 27.

Mradi uko nyumbani kwa shangazi yangu hapa Dodoma, uwani, kwenye banda la mabanzi na wavu. Shangazi alitoa banda na mitetea yake, sisi tukatoa mashine na chakula. Kwa hiyo ile awamu ilipobuma, hasara haikuwa yetu peke yetu. Mayai yale shangazi angeyauza shilingi 500 kila moja pale dukani na kupata elfu arobaini na tano. Alitupa sisi kwa sababu tuko chuo kikuu, akaamini tunajua tunachofanya.

Kikao kikaitishwa. Mmoja akasema mashine ni feki, tumepigwa. Mwingine akasema jogoo mwekundu amezeeka. Mimi, mtu wa Kiswahili na Historia, nikasema ni umeme, maana ulikatika mara mbili wiki ya pili. Jirani naye akachangia kutoka upande wa pili wa ukuta kwamba mali ikianza kuonekana, macho ya watu huwa mengi. Tulipomaliza kubishana tukayazika mayai 63 yaliyobaki kwenye shimo la taka, bila kupasua hata moja, kwa kuogopa harufu. Kisha tukamchinja jogoo mwekundu. Alikuwa mtamu, hilo nalikiri.

Naandika makala hii kwa sababu ya mayai yale 63. Kila muhula hapa chuoni tunaitwa kwenye semina za kujiajiri, na karibu kila semina kuku hawakosi kutajwa. Tunafundishwa hesabu ya faida, hatufundishwi hesabu ya kilichokufa. Hoja yangu ni fupi: "mayai hayakutotolewa" si tatizo moja. Ni jina la matatizo manne au matano tofauti, kila moja na dawa yake. Anayetupa yai viza bila kulipasua ametupa jibu, na baada ya hapo kinachobaki ni kubahatisha kwa pesa.

Na ushahidi tulikuwa nao mbele ya macho. Mwezi ule ule mtetea mmoja wa shangazi aliatamia mayai 11 ya banda lile lile, ya majogoo wale wale, akatotoa 9. Kama jogoo mwekundu angekuwa hana mbegu, mtetea yule angetotoa nini? Kwa hiyo tulimhukumu marehemu bila kesi. Lakini wakati ule hakuna aliyeliwaza hilo. Tukaleta jogoo mpya kutoka kijijini, na siku tatu baadaye tukaanza kukusanya mayai ya awamu ya pili.

Hapo napo tulifanya kosa jingine bila kujua. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini mwake kwa wiki mbili hivi. Ukibadilisha jogoo Jumatatu, mayai ya Alhamisi bado yanaweza kuwa ya yule uliyemla. Ukitaka kumpima jogoo mpya kwa haki, subiri angalau wiki mbili, tatu ni bora zaidi, ndipo uanze kukusanya. Sisi tulidhani tunampima mpya, kumbe tunampima marehemu kwa mara ya pili.

Awamu ya pili tuliweka tena mayai 90. Walitoka vifaranga 31.

Siku ya 21 jioni tulizima mashine, kwa sababu kila mahali imeandikwa siku 21 na umeme unalipiwa. Asubuhi shangazi akaja na ndoo, kisu kidogo na kitambaa amejifunga puani. Akasema, "Safari hii hatuziki kitu. Leteni hapa tuone." Tukakaa chini ya mwarobaini, tukaanza kupasua moja moja.

Yai la saba au la nane lilikuwa na kifaranga aliyekamilika, manyoya yote, mdomo umeshatoboa ule utando wa ndani. Alikuwa anapumua. Amelala kwenye mashine iliyozimwa usiku mzima na bado anapumua. Shangazi akamfunga kwenye kona ya khanga na kumweka kifuani. Hakufika adhuhuri.

Hakuna aliyezungumza kwa muda. Nadhani wote watatu tulikuwa tunawaza shimo la taka na yale 63. Shangazi ndiye aliyesema, taratibu, bila kugomba: "Baba, kuku hana kalenda. Akisikia bado kuna mlio chini yake, haondoki."

Tukaendelea kupasua, sasa kwa makini, na mmoja akaandika kwenye daftari. Kati ya mayai 59 ambayo hayakutoka, 14 yalikuwa meupe kabisa ndani, hayana dalili ya kitu. Mayai 21 yalikuwa na duara la damu au kijidudu kidogo kilichokufa siku za mwanzo. Manne yalifia katikati. Na 20 yalikuwa na vifaranga waliokamilika, wamefia mlangoni.

Sasa itazame hiyo orodha kama vile unasoma matokeo ya mtihani. Asilimia ya jumla ni 34, unaweza kulia ukaenda kulala. Lakini ukiyatoa yale 14 yasiyo na mbegu, yanabaki 76 yaliyokuwa na uhai, na kati ya hayo wametoka 31. Kwa hiyo jogoo, tuliyemlaumu zaidi kuliko wote, anahusika na mayai 14 tu, na hata hayo si yote, kwa sababu yai ambalo mbegu yake ilikufa saa za mwanzo kabisa linaweza kuonekana jeupe vilevile. Makundi mawili makubwa, 21 ya mwanzo na 20 ya mwisho, hayakuwa ya jogoo. Yalikuwa yetu.

Tuanze na waliokufa mwanzoni. Mitetea 24 ya kienyeji ilikuwa inatupa mayai sita au saba kwa siku, kwa hiyo kufikisha 90 kulitaka wiki mbili. Tulitaka mashine ijae, maana kuiendesha nusu tuliona ni kupoteza umeme. Yai la kwanza lilikaa siku 14 likisubiri wenzake. Lilikaa wapi? Juu ya kabati, chumba cha bati lisilo na dari, Dodoma, mwezi wa kumi. Yai la kutotolesha linapaswa kukaa mahali penye ubaridi, nyuzi 15 hadi 18 ni nzuri, ncha iliyochongoka ikiwa chini, na lisizidi siku saba. Likipata joto la nyuzi 20 na kitu kwenda juu, mbegu inaanza kukua kidogo kidogo. Usiku likipoa inasimama. Kesho inaanza tena. Likifika kwenye mashine limeshachoka. Kumbuka yule mtetea wa shangazi: yeye aliwekewa mayai mapya. Hiyo ndiyo tofauti tuliyoitafuta kwa kisu shingoni mwa jogoo.

Waliokufa mwishoni ni hadithi nyingine. Kifaranga aliyekamilika akifia ndani, mara nyingi shida ni joto, unyevu au mfuniko unaofunguliwafunguliwa. Sisi tulikuwa na zote tatu. Kuhusu joto, mashine yenye feni inatakiwa kuwa nyuzi 37.5 pale yalipo mayai. Yetu ilikuwa inaonyesha 37.5 kila siku, tukaridhika. Baadaye rafiki yangu akachukua kipimajoto cha homa, kile cha duka la dawa, akakiweka katikati ya mayai. Kikasoma 36.9. Tofauti ndogo? Kwa siku 21 si ndogo. Mashine ikiwa na joto pungufu, vifaranga huchelewa, wengine siku moja, wengine mbili, na hutoka wamelegea. Kwa hiyo siku ya 21 kwetu haikuwa siku ya 21 kwao. Hawakuwa wameshindwa kutoka. Walikuwa njiani, sisi tukawazimia taa.

Unyevu nao. Siku 18 za mwanzo asilimia 45 hadi 55 inatosha. Siku tatu za mwisho inatakiwa 65 hadi 70, la sivyo utando unakauka na kumbana kifaranga kama nailoni. Kipimo chetu kilisema 60 siku za mwisho, tukaona tumekaribia. Tukakipima kwa chumvi. Hili mtu yeyote anaweza kulifanya geto: weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, iloweshe kwa matone machache iwe kama uji mzito, isiyeyuke, kisha fungia kizibo na kipimo pamoja kwenye mfuko usiopitisha hewa, uache saa nane au zaidi. Ndani ya mfuko unyevu utakuwa asilimia 75, ndivyo chumvi ilivyo. Kipimo chetu kikasoma 84. Maana yake kilikuwa kinaongeza tisa za uongo, na ile 60 yetu ilikuwa kama 51. Halafu hii ni Dodoma wakati wa kiangazi, hewa yenyewe kavu, na sisi kila mgeni akija tunamfungulia mfuniko aone vifaranga wanavyotoka. Kila ukifungua, unyevu unatoka pamoja na joto. Lakini usiende ukamwaga ndoo ya maji kuanzia siku ya kwanza. Maji yakizidi wiki za mwanzo, yai halipungui inavyotakiwa, na kifaranga hukosa nafasi ya hewa ya kutosha mwishoni.

Na umeme nilioulaumu mimi? Ulichangia kidogo, labda kwenye yale manne ya katikati, siwezi kuapa. Umeme ukikatika saa moja au mbili, acha mfuniko umefungwa, funika mashine kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa, tulia. Mtetea naye huondoka kwenda kula na kunywa, mayai yanabaki.

Awamu ya tatu hatukununua kitu kipya zaidi ya kipimajoto cha homa. Mayai tulihifadhi sakafuni chumba cha ndani, kwenye beseni la mchanga mbichi lililofunikwa gunia, na tukaweka yale ya siku saba tu: mayai 42. Nusu ya mashine ikabaki tupu, na mikono ilituwasha kuijaza. Tukaongeza jogoo wa tatu, tukampata kwa kubadilishana na jirani yule yule wa macho ya watu, ili jogoo mmoja awe na mitetea minane. Ushauri wa kawaida ni minane hadi kumi. Ilisaidia pia kwamba damu yake ni ya nje, maana jogoo mmoja wetu alizaliwa humo humo bandani na alikuwa anapanda dada zake. Tukasubiri wiki tatu kabla ya kukusanya. Tukapandisha joto hadi kipimajoto cha homa kikasoma 37.5. Tukageuza mayai mara tano kwa siku, idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili upande uliolala jana usiku usilale tena leo. Siku ya saba tukamulika kwa tochi ya simu gizani: lenye uhai linaonyesha mishipa kama miguu ya buibui, lisilo na mbegu linang'aa tu. Siku ya 18 tukaacha kugeuza, tukaongeza maji, tukafunga mfuniko. Shangazi akakaa na ufunguo wa chumba. Na mashine haikuzimwa mpaka siku ya 23.

Manne hayakuwa na mbegu. Matatu yalikufa mwanzoni. Manne mwishoni. Vifaranga walitoka 31.

Rudi juu uangalie. Awamu ya pili tulipata vifaranga 31 kwa mayai 90. Awamu ya tatu 31 wale wale kwa mayai 42. Mayai 48 shangazi aliyauza, akapata shilingi elfu ishirini na nne, akanunua pumba. Hatujatajirika, na ile milioni tatu sijaiona hata kwa darubini. Lakini kwa mara ya kwanza tunajua kwa nini tulipata tulichopata.

Sasa mniruhusu niseme la kwetu, sisi watu wa Elimu. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, Kidato cha Pili, nilitoa jaribio la ngeli za nomino. Wanafunzi 43, waliofaulu 12. Nikarudi ofisini nikasema, kama nilivyosikia wakubwa wakisema, "hawa watoto hawasomi." Nikafunga rundo kwa mpira, nikaandika alama kwenye orodha, yakaisha. Yaani niliyazika mayai 31 bila kupasua hata moja.

Nilipotoka kwa shangazi likizo hii niliyatafuta yale makaratasi, bado ninayo. Nikayapanga upya. Wako waliokosa tangu mwanzo, hawajui hata kiambishi ni nini. Hao nilipaswa kurudi nao somo la nyuma kabla ya kugusa ngeli. Wako walioweza umoja wote wakapotea kwenye wingi. Hao walihitaji wiki moja tu. Na wako sita waliokuwa wanapata kila swali mpaka la saba, halafu karatasi nyeupe. Nilikuwa nimetoa dakika 30 kwa maswali 12. Hao sita walikuwa wanapumua. Mimi ndiye niliyezima mashine.

Najua kuna atakayesema mtoto si yai, na darasa la watu mia halina nafasi ya kupasua kila karatasi. Ni kweli kabisa, mtoto si yai, ndiyo maana uzembe huu kwake ni mbaya zaidi. Na kuhusu muda, sisi mayai 59 yalituchukua asubuhi moja. Huhitaji kufanya kila wiki. Fanya mara moja kwa muhula, kwenye jaribio moja, hesabu walipokufia wangapi na wapi. Utashangaa jinsi sababu uliyokuwa unaitaja kila siku ofisini inavyohusika na mayai 14 tu.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni hili. Semina ijayo ya kujiajiri, pamoja na yule mgeni wa suti na hesabu zake za faida, mpeni kiti mtu mmoja aliyepata hasara na ana daftari la hasara yake. Nusu saa tu. Atueleze aliweka mangapi, yalitoka mangapi, na mengine yalifia wapi. Akikosekana, mimi nipo, na daftari ninalo.

Na wewe ambaye mashine yako iko chini ya kitanda sasa hivi, umeiweka uuze baada ya boom kuisha: usiiuze bado. Chukua kipimajoto cha homa na chumvi ya mezani, anza na mayai ya wiki moja. Siku ya 21 ikifika, kabla ya kushika swichi, sogeza sikio kwenye mfuniko usikilize kama kuna mlio.